Nne, Kisha Mbili

Wa kwanza kuiona taa ile alikuwa mtoto wa chekechea, yule anayekaa mbele kwa sababu akikaa nyuma hutapika.

"Mjomba, birika limewaka," akasema.

Dereva akatupa jicho kwenye dashibodi. Kweli bwana, chini ya mshale wa spidi palikuwa na kitaa cha manjano, kidogo kama punje ya hindi, chenye picha ya injini. Kwa jicho la mtoto, injini ile na birika ni mtu na nduguye.

"Linachemsha chai ya mwalimu," akajibu. "Kaa vizuri."

Watoto wakacheka gari zima. Lakini kinywa cha mtoto hakina komeo, na kabla jua halijashuka habari ya birika ilishamfikia Msusi, mke wa Dereva, kupitia kwa mama mmoja aliyemleta binti yake kusukwa. Msusi akaliacha shanuo limesimama kwenye kichwa cha yule binti, akatoka nje kwenda kutazama. Ndivyo alivyokuwa. Mletee kopo lililobanduka karatasi, atalitikisa, atalinusa, atalifungua, na asipojua kilichomo hatalala vizuri.

"Ni nini hii?" akamuuliza mumewe.

"Taa."

"Ya nini?"

"Itazimika yenyewe," Dereva akasema, akafuta kioo ambacho kilikuwa safi tayari.

Haikuzimika.

*

Gari halikuwa lao. Lilikuwa la kaka yake Msusi, mtunza ghala la vifaa vya ujenzi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mizani, ila si mbele ya uso wake. Alilikabidhi kwa shemeji yake abebe watoto wa shule, asubuhi kuwapeleka na mchana kuwarudisha, basi. Si sokoni, si msibani, si harusini. Na ili kuhakikisha, kila Jumapili alikuja mwenyewe kusoma kilomita.

Usomaji ule ulikuwa na taratibu zake. Mizani angevaa miwani, angefungua mlango wa dereva kwa vidole viwili, angeinama. Kisha angeita, "Dada, njoo uwe shahidi, msije mkasema nimewasomea vibaya," na Msusi angeacha kichwa cha mtu nusu kimesukwa nusu kimesimama, aende kuinama naye, ndugu wawili matako nje, huku wateja kwenye benchi wakijitia kutazama pembeni. Mizani alizisoma namba kwa sauti, moja moja, kama anayeita mahabusu. Wiki moja zilizidi kidogo kwa sababu Dereva alimbeba mkewe kutoka kununua nywele za bandia. Hilo lilisemwa pale pale uani, wateja wakisikia, mpaka zile nywele zikamwonea Msusi aibu mkononi.

Jumapili hii Mizani aliinama, akasoma, na uso wake ukalainika.

"Kilomita zimepungua. Shemeji, naona umeanza kusikia la mtu."

Dereva akaangalia viatu vyake.

Halafu Mizani hakuinuka. Akabaki pale pale ameinama.

"Na hii ni nini?"

"Taa, kaka," Msusi akasema.

"Naona ni taa. Sijasema ni mbuzi. Inawakia nini?"

"Na mimi ndicho ninachotaka kujua," Msusi akasema, na alikuwa anasema kweli tupu, lakini Mizani aliisikia kama kejeli.

Akainuka, akavua miwani, akamgeukia shemeji yake kwa sauti ya kutosha benchi zima.

"Sikiliza. Nimekupa gari zima, nataka gari zima. Jumapili ijayo nikiikuta taa hii inawaka, naondoka na funguo. Kuna mtu hanipi usingizi, kila siku niuzie, niuzie. Nitamuuzia angali anataka."

"Nimekusikia, shemeji," Dereva akasema.

"Hapana, hujanisikia. Utanisikia Jumapili."

Alipoondoka, mteja mmoja kwenye benchi aliuliza saa ngapi, ingawa saa alikuwa nayo mkononi. Dereva akaingia ndani. Kabla ya gari lile, miaka miwili alisimama kwenye lango la kiwanda kila asubuhi akisubiri kuchaguliwa, na mara nyingi aliyechaguliwa alikuwa wa jirani. Wote wawili walijua lango lile liko wapi. Hawakuhitaji kulitaja.

*

Gereji ya kona walimwambia afungue gia boksi. Gereji ya pili walimwambia gia boksi haina neno, abadilishe kompyuta ya gari. Waliitamka kompyuta kwa heshima ile ambayo mtu huitumia anapotaja ugonjwa usio na dawa. Bei waliyotaja ilimfanya Dereva acheke peke yake njiani.

Jumanne akaja Fundi Waya kusukwa. Huyu alikuwa mwanamke mnene mwenye kucha nyeusi zisizotakata, fundi umeme wa magari, na kila alipokaa kwenye kigoda cha Msusi alisinzia kabla ya mstari wa tatu. Safari hii Msusi hakumpa nafasi ya kusinzia.

"Hebu niambie. Taa ya injini ikiwaka, inataka nini?"

"Inataka kusikilizwa," Fundi Waya akasema, macho yamefumbwa. "Gari la mwaka gani?"

"Kuukuu. Lina redio ya kaseti."

"Ah, basi lako linaongea lenyewe. Haya mapya mpaka uyachomeke kidude cha kusomea, ndipo yakupe jibu. La zamani linakonyeza."

"Linakonyeza?"

"Kwa taa hiyo hiyo. Usinivute hivyo, kichwa hicho ni changu." Akafumbua jicho moja. "Fungua boneti. Kushoto, karibu na ukuta wa injini, kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko. Ndani kina matundu matundu. Kuna mawili nitakuchorea. Yaunganishe kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga starta, kisha tazama taa. Itakonyeza. Mikonyezo ya kwanza ni makumi, inapumzika kidogo, ya pili ni mamoja. Ikikonyeza moja, ikapumzika, ikakonyeza tatu, hiyo ni kumi na tatu. Kila namba ina ugonjwa wake. Niletee namba, nikuambie ugonjwa."

Msusi aliusahau mkono wake hewani.

"Yaani siku zote ilikuwa inasema na sisi tunaitazama tu?"

"Siku zote. Sasa suka, nina kazi."

Jioni ile Msusi alitoka na pini ya nywele. Akaipinda, akaiingiza kwenye matundu aliyochorewa, kisha akakaa kwenye kiti cha dereva, akageuza ufunguo kidogo tu. Dereva alisimama nje ya mlango, mikono mfukoni, hana raha. Mara mbili alikuwa amemwambia aache mambo ya watu, wasije wakaunguza kitu.

Taa ikaanza kukonyeza.

Msusi akatoa sauti kama ya mtu aliyepapaswa na maji ya baridi. "Njoo uone! Njoo! Linaongea!"

Alihesabu. Akahesabu tena. Tena. Kila mara akipata vile vile: mbili, inapumua, nne. Mbili, inapumua, nne. Akampigia Fundi Waya simu pale pale, injini wazi, pini kwenye matundu.

"Ishirini na nne."

"Hewa," Fundi Waya akasema. "Kuna sensa inayopima joto la hewa inayoingia kwenye injini. Imekufa. Si kitu kikubwa, tafuta iliyotumika kwa wauza vipuri vya magari mabovu."

"Ni hewa!" Msusi akamwambia mumewe.

"Hewa?" Dereva akasema. "Hewa tu?" Akacheka, akapiga kiganja kwenye paa la gari, akaingia ndani mwenyewe kubandika chai, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wahamie pale. Msusi akamtazama mgongo wake. Kufurahi ni sawa. Lakini mtu anayefurahia ugonjwa wa gari namna ile, ana ugonjwa mwingine aliokuwa anauogopa. Akaliweka wazo hilo mahali.

*

Sensa iliyotumika ilikula pesa aliyoiweka Msusi kwa ajili ya kununulia kiti cha pili cha kusukia wateja. Akaifunga Dereva mwenyewe, akaikaza, akawasha gari. Taa ikawaka. Akazima, akawasha. Ikawaka.

"Labda inahitaji kuzoea," akasema.

"Kuzoea nini? Ni bibi harusi?"

Ijumaa mchana Fundi Waya alipita mwenyewe, akiwa na mkoba wake wa vifaa na mdomo wake wa kawaida.

"Nionyeshe ulivyohesabu," akasema.

Msusi akachomeka pini yake, akageuza ufunguo, na taa ikaanza. Fundi Waya aliinama dirishani. Dereva alikuwa amekaa kiti cha nyuma, pale watoto wanapokaa, magoti yamefika kidevuni.

"Mbili," Msusi akahesabu. "Inapumua. Nne. Umeona? Mbili, nne."

"Ulianzia wapi?"

"Kuanzia wapi? Ilipokuwa."

"Uliingia katikati ya maneno!" Fundi Waya akapiga paja. "Nani kakufundisha kuhesabu hivyo?"

"Ndivyo tunavyohesabu mistari ya kichwa," Msusi akasema, akijitetea. "Unaanzia mkono wako ulipo. Kichwa ni duara, ukizunguka utarudi."

"Taa si kichwa, mama. Ina mwanzo na ina mwisho. Sikiliza: kuna pumziko fupi na kuna pumziko refu. Fupi liko kati ya makumi na mamoja. Refu ni lile linalosema nimemaliza, naanza upya. Wewe subiri refu, ndipo uanze."

Msusi akatulia. Akaiacha taa ikonyeze, safari hii bila kuhesabu, akisikiliza tu mapumziko yake, kama mtu anayesikiliza pumzi za aliyelala. Likaja fupi. Likaja refu. Akaanza.

"Nne," akasema polepole. "Fupi. Mbili. Refu."

"Arobaini na mbili."

"Arobaini na mbili ni nini?"

"Spidi. Kompyuta haipati habari ya mwendo. Gari linatembea, yeye anaambiwa limesimama, ndiyo maana kapiga kelele." Fundi Waya alikuwa amekwisha kuinamia injini, mkono umezama mpaka kwenye bega, chini kuelekea gia boksi. "Na hiyo hiyo ndiyo inayohesabu kilomita. Hii hapa plagi yake. Iko nusu ndani nusu nje, kibanio kimevunjika."

Akachukua tochi, akamulika.

"Ajabu," akasema.

"Ajabu gani?"

"Huku chini kote ni grisi na vumbi. Plagi hii peke yake inang'aa." Akavuta mkono, akaufuta kwa kitambaa, akapanga maneno. "Hii haikulegea. Hii huchomolewa na kuchomekwa. Mkono wa mtu huo. Imefanywa hivyo mpaka kibanio kimechoka."

Taa peke yake ndiyo iliyoendelea. Nne. Mbili. Nne. Mbili.

Fundi Waya hakuwa mtoto. Aliisukuma plagi mpaka ikaingia barabara, akaifunga kwa mkanda wa plastiki, akaukata ncha. Akawaonyesha fyuzi ya kuchomoa ili kompyuta isahau. "Itoeni, mnywe chai, irudisheni. Taa itazimika. Mimi nadai kichwa kimoja, mistari midogo." Akaondoka upesi kuliko alivyokuja.

*

"Huwa unakwenda wapi na gari hili?" Msusi akauliza.

Bado alikuwa kwenye kiti cha dereva, na mumewe bado nyuma. Walizungumza kupitia kioo kidogo cha juu.

"Siendi popote."

"Kilomita zimepungua, kaka alisema, na wewe ukaangalia viatu. Taa ikawa hewa, ukabandika chai. Mimi si mjinga, Dereva. Ni nani?"

"Nani nini?"

"Huyo mwanamke. Ana gari la bure mpaka lini?"

Dereva akaangua kicheko, akakisitisha, akajifuta uso kwa mikono miwili.

"Ni mwanamke, ndiyo," akasema. "Na mdomo anao. Sogea huko, nipe usukani. Nitakupeleka ukamwone."

Hakuna safari aliyowahi kuichukia Msusi kama ile. Walipita shule, wakapita kiwanda, wakapita mahali lami inapoishia, na njia nzima macho yake yalikuwa kwenye dashibodi. Mshale wa spidi ulipanda na kushuka. Namba za kilomita zilijipindua, moja, nyingine, nyingine, zote halali, zote zikimsubiri Mizani. Alijiandaa kwa nyumba ya rangi, mapazia, mwanamke mwenye kope za bandia. Ndipo akaitambua kona. Akalitambua bomba la maji. Akautambua mlango.

"Huku ni kwa mama," akasema.

"Ndiyo."

Mama alikuwa kitandani, mgongo ukutani, mpira wa mtoto kwenye mkono wa kushoto, ule uliopooza siku kiharusi kilipompiga. Alikuwa akijaribu kuuminya. Kidole kimoja kilikuwa kinaitika, vingine vinasikiliza.

"Umeniletea nani tena, mkwe wangu?" akasema. Alipomwona binti yake akauficha mpira chini ya shuka, kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Mama, si ulisema jirani ndiye anayekupeleka mazoezini?"

"Jirani alinipeleka mara moja. Akanibwaga njia panda akapakia magunia. Tangu hapo ni huyu."

"Na mbona hamkuniambia?"

Mama na mkwe wakatazamana, kila mmoja akimwachia mwenzake.

"Nani akuambie wewe?" Mama akasema mwishowe. "Kaka yako anakuita kila Jumapili mbele ya hizo namba zake. Angekuuliza, ungesema nini? Tangu utoto hujui uongo. Ukidanganya unawekwa wazi na masikio, yanakuwa mekundu mpaka wageni wanaona."

"Sikutaka udanganye," Dereva akasema, akiangalia sakafu. "Nilisema nibebe mimi. Yeye alishasema si sokoni, si msibani. Hospitali hakuitaja, lakini nilijua ningejibiwa nini."

"Ungemwambia ni mama yake!"

"Usimwambie chochote!" Mama akasema, na mkono mzima ukapiga godoro. "Yule alikuja hapa akataka nihame nikalale nyuma ya ghala lake, auze kiwanja. Nikamwambia mbele ya wakwe zake, mwanangu unanipima kama misumari. Akavaa viatu akaondoka, na mpaka leo hajavivua mlangoni kwangu. Nimeanguka, hakuja. Sasa nimpigie magoti kwa ajili ya lifti? Bora huu mkono ubaki ulivyo."

Msusi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Akaingiza mkono chini ya shuka, akautoa ule mpira, akaurudisha kwenye kiganja cha mama yake.

"Minya nione," akasema.

Mama akaminya. Kidole cha pili kikaitika kidogo.

"Hicho kimeanza lini?"

"Juzi," Mama akasema, akajaribu kutotabasamu. Kisha akawa na haraka. "Na mwambie mumeo kiti cha mbele akisukume nyuma kabisa, mpaka mwisho. Kila siku anasahau, na mguu huu haukunjiki."

Kurudi, Dereva alipunguza mwendo lami ilipoanza.

"Naichomoa tena?" Dereva akauliza. "Kesho ni Jumamosi, naweza kuichomoa, nikimpeleka Jumatatu pia nichomoe, nitakuwa mwangalifu na kibanio."

"Uiguse uone," Msusi akasema. "Ikae. Ihesabu."

"Atachukua gari."

"Najua."

*

Jumapili Mizani alikuja na miwani tayari usoni. Taa haikumsumbua. Alipowasha swichi iliwaka pamoja na wenzake, na injini iliponguruma ikazimika nao, kama kawaida ya taa yenye adabu. Akaridhika. Akainama zaidi, akaanza kusoma namba, moja moja, na katikati sauti ikaanza kupungua.

"Dada. Njoo uwe shahidi."

"Shahidi niko hapa, kaka. Zimezidi."

"Zimezidi? Hizi zimetoka mji mwingine! Shemeji, taa umetengeneza, sasa umeamua kunila kwa mlango wa pili?"

Benchi lilikuwa limejaa. Msusi angeweza kumvuta ndani. Hakumvuta.

"Ni za mama," akasema.

"Za mama gani?"

"Tunao wangapi?"

Mizani akavua miwani. Msusi akafungua boneti, akamwonyesha plagi ndani kule, na mkanda wake mpya wa plastiki. Akamwambia yote: kiharusi, jirani na magunia, mazoezi, mkono wa shemeji yake ukizama chini mle kila safari ili kaka mtu asizione kilomita za mama yake mwenyewe. Hakupaza sauti. Masikio yake yalibaki rangi yake ya kila siku.

"Zamani ilikuwa inachomolewa," akasema. "Sasa haichomolewi. Ukitaka gari, lichukue. Namba hizo usiombe nizifute."

Dereva alisimama karibu na ukuta. Alikuwa amenyoosha mkono wenye funguo tangu mapema, kama mtu anayetaka jambo liishe.

Mizani akazichukua. Akaitazama ile plagi muda mrefu, kichwa chini ya boneti, mahali asipoonekana uso. Kisha akafunga boneti, akaingia, akaondoka na gari, bila kuaga, hata mtoto wa mteja aliyepunga mkono hakumpungia.

"Basi," Dereva akasema.

Msusi akarudi kwenye kichwa alichokiacha. Alisuka vibaya, akafumua, akasuka tena. Mteja hakulalamika. Dereva alifagia ua uliofagiliwa, akaosha ndoo, akakaa juu ya ndoo. Kesho yake kungekuwa na watoto mlangoni kwao wakiwa na mabegi, na yule wa birika akiwa wa kwanza. Alikuwa anatafuta maneno ya kuwaambia mama zao.

Jua lilikuwa limelala kwenye mabati gari liliporudi.

Mizani alishuka. Suruali yake ilikuwa na vumbi magotini. Akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake, akamwekea funguo kwenye kiganja bila kumtazama.

"Nililipeleka kumwonyesha yule mnunuzi," akasema. "Hatukuafikiana. Watoto wasichelewe shule."

"Sawa, shemeji. Ahsante."

"Ahsante ya nini? Nimekuambia hatukuafikiana." Akakohoa. "Na kilomita nitasoma Jumapili kama kawaida."

Akatoka kwa miguu, mwendo wa mtu anayeogopa kuulizwa.

Msusi alimsindikiza kwa macho mpaka kona. Halafu, nani angemzuia, akaenda kwenye gari. Akafungua mlango wa abiria. Kiti cha mbele, ambacho asubuhi kilikuwa mahali pake pa kila siku, kilikuwa kimesukumwa nyuma, mpaka mwisho, mpaka reli zake zilipoishia. Akaduwaa pale. Akazunguka upande wa pili, akainama kusoma kilomita, peke yake, bila shahidi.

Namba zilikuwa zile zile za asubuhi. Hata moja haikusogea.

"Dereva," akaita. "Njoo."

Msusi aliwasha gari. Taa nyingine zote zilizimika, ya manjano ikabaki. Msusi akazima, akachomoa pini kwenye nywele zake, akafungua boneti, akaichomeka. Kule chini, juu ya chuma cha gia boksi, mkanda wa plastiki ulikuwa umelala umekatwa vipande viwili. Akarudi kitini, akageuza ufunguo kidogo tu. Dereva akainama dirishani, mashavu yakakaribiana, na wote wawili wakangoja pumziko refu lipite.

"Nne," Msusi akahesabu.

Pumziko fupi.

"Mbili," Dereva akamalizia.

Wakacheka kimya kimya, wameshika usukani mmoja, mpaka machozi. Kisha Dereva akajifuta, akaanza kukunja mkono wa shati ili azame chini kuichomeka plagi.

"Iache," Msusi akasema. Alichomoa pini, akainyoosha kwa meno, akairudisha kwenye nywele. "Atakuja Jumapili kusoma kilomita. Ataiona taa. Nataka nisikie ataniuliza nini."